Kuhamisha Mashine Katikati ya Utetezi wa Mama Zuhura

Leo nimejiaibisha, tena kwa bidii. Naandika mwenyewe kabla hamjaisikia mtaani, maana Goma habari ya mtu mzima aliyevua shati haichelewi kufika.

Wengi wenu mnajua kazi yangu: naangalia kompyuta na mtandao wa chuo chetu. (Mke wangu huwaambia watu "anatengenezaka ma-ordinateur". Nimeacha kubisha.) Chuo kina majengo mawili, la zamani kule Majengo na jipya huku chini Kituku, karibu na ziwa. Mikutano yetu yote ya video inapita kwenye mashine moja iliyokuwa Majengo. Nikisema mashine, msidhani ni sanduku unaloweza kulipiga teke. Ni kompyuta isiyo na mwili, inaishi ndani ya kompyuta kubwa, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuitoa kwenye kompyuta kubwa hii ukaipeleka kwenye ile huku inaendelea na kazi. Watu wanaongea ndani yake, nayo inahama nao. (Jambo hili nimewahi kulieleza kwenye meza ya harusi. Wenzangu wa meza walihamia meza nyingine, wakiwa hai.)

Asubuhi ya leo Mama Zuhura alikuwa anatetea kazi yake ya kumaliza masomo. Ni mama wa watoto watano, familia yake ina asili ya Maniema, na amesoma akianza na kuacha, akianza na kuacha, kadiri mji wetu ulivyomruhusu. Kazi yake ni juu ya maji ya kunywa kule Kanyaruchinya, wakati kulikuwa kumejaa watu waliokimbia vita. Salle ya Majengo, ukumbi wetu wenye écran kubwa ya video ukutani, ilikuwa imejaa: mashangazi, majirani, makopo ya poudre, ule unga mweupe wa kujipaka, tayari mikononi kumpaka akimaliza. Watahini walikuwepo wote isipokuwa Profesa mmoja wa Kisangani, ambaye alikuwa kwenye video. Na huyo alisema waziwazi: gari linamngoja, anaingia safari ya vijijini ambako hakuna mtandao. Akikatika kabla ya kumaliza maswali yake, utetezi unasogezwa mwaka ujao.

Mwaka ujao! Kwa mama ambaye ameshasubiri kiasi kile!

Mimi nilikuwa Kituku, kwenye chumba cha mashine, nafuatilia utetezi kwenye laptop. Mara Doyen, mkuu wa kitivo chetu, akanipigia simu kutoka salle, ananong'ona.

"Papa Bahati, batri za chumba chako cha mashine cha huku ziko zinalia, ziko zinaisha."

"Zote?"

"Zote. Courant haijarudi tangu jana. Jenereta ya salle inabeba tu écran, micro na ruta. Tusimamishe utetezi?"

"Hapana, Doyen! Musisimamishe kitu. Naihamisha mashine Kituku sasa hivi, ikiwa hai. Waendelee kuongea. Hakuna mutu atajua."

Nilisema hivyo kwa sauti ya rubani.

Na sikuwa nimerukwa na akili. Juzi nilijaribu kuhamisha mashine nyingine ndogo, ikahama vizuri sana. Niliipima nikiwa hapa hapa Kituku na ikanijibu bila shida. (Hapa hapa Kituku. Mtaelewa baadaye.)

Sasa, chumba hiki kipya hakijawekewa kiyoyozi. Kina joto la tanuri la mikate. Nilivua koti. Nikavua tai. Nikavua shati, nikabaki na fulana ya ndani, ile ambayo mke wangu alishaihukumu kuwa ya kufutia vumbi. Mlango nilikuwa nimeufunga, kamera nimeizima. Nani ataniona? Nikabonyeza.

Mashine ikahama, laini kabisa. Nikapiga kofi moja la furaha.

Kisha picha ya salle ikaganda. Mama Zuhura alibaki kidole juu, mdomo wazi, katikati ya jibu. Sauti ikapotea.

Nikasubiri. Hakuna. Nikawasha kamera na mikrofoni yangu.

"Alo? Wapendwa, munanisikia?"

Kimya.

"Doyen? Mama Zuhura? Munanisikia huko?"

Kimya.

"Hawanisikii," nikasema. Huyu ndiye mtu mwenye diploma ukutani: mimi siwasikii, kwa hiyo wao hawanisikii. Sikuzima kitu. Ya nini kuhangaika kuzima mikrofoni ambayo haifiki popote?

Nikaanza kazi. Niliita mashine kutoka kwenye laptop yangu: ikajibu haraka. Kumbe ni nzima! Nikaituma yenyewe iite Majengo: wito ukaenda, jibu halikurudi. Waya, nikajiambia. Nikapiga magoti nyuma ya kabati la mashine, mgongo kwa laptop (nasema mgongo kwa adabu), nikakagua waya mmoja baada ya mwingine. Na mimi nikifanya kazi naongea. Ndivyo ninavyofikiri.

"Tulia, Papa Bahati. Utaipata tu. Haiendi popote, na wewe huendi popote."

Waya wa kwanza mzima.

"Na huyu Profesa wa Kisangani naye! Swali lake moja ni refu kuliko kazi nzima ya yule mama. Angeuliza kifupi, saa hii tungekuwa tunakula."

Simu ikalia. Doyen.

"Doyen, siwezi. Najua, unataka kuniuliza kama nimechomeka waya. Kila siku waya, waya!" Nikaigeuza simu kifudifudi bila kuipokea. Ikalia tena. "Lia, baba. Lia tu, utanyamaza."

Waya zote nzima. Hapo ndipo hofu ikanishika kweli. Nikabaki pale pale kwenye magoti.

"Mungu wangu, mimi niaibishe unavyotaka. Lakini huyu mama, hapana. Amezunguka Kanyaruchinya na chupa zake za kupimia maji, jua na mvua, nisije mimi nikamwangusha kwa sababu ya mashine. Nionyeshe hii njia, na nitarudi kwenye kwaya."

Nikainuka, nikaketi, nikafuata njia hatua kwa hatua. Kinachotoka Kituku kinafika Majengo. Kinachotoka Majengo kuja kwenye mashine, hakifiki. Hapo nikaiona! Ruta ni kama askari wa njia panda: kila kitu kikipita anakionyesha pa kuelekea. Mashine ilihama na anwani yake ile ile, na ruta ya Majengo hakuna aliyeiambia. Yenyewe bado inaamini mashine iko chumba cha jirani, inapeleka kila kitu huko, na huko hakuna mtu. Hata Profesa wa Kisangani anaingilia mlango huo huo wa Majengo, kwa hiyo naye anapotelea pale pale. Juzi sikuliona hili kwa sababu nilipima kutoka Kituku peke yake, ambako hakuna haja ya kupita kwa askari yule.

Nikaandika mstari mmoja wa kuiambia ruta ya Majengo kwamba mashine sasa iko Kituku. Kidole kilikuwa kinashuka kubonyeza.

Kikasimama hewani.

Kutoka Majengo kuja, hakuna njia. Lakini kutoka Kituku kwenda, njia ipo. Na mimi niko Kituku.

Nikaangalia alama ya mikrofoni. Kijani. Nikaangalia kamera. Kijani.

Ndugu zangu, nilikuwa na la kuchagua: nivae shati kwanza, au nibonyeze kwanza. Gari lilikuwa linamngoja Profesa. Nikabonyeza.

Kitu cha kwanza kufika kilikuwa kicheko. Salle nzima. Watu walikuwa wamelaliana mabegani.

"Papa Bahati!" Doyen alikuwa anafuta macho. "Tuko tunakusikia tangu mwanzo! Wote tulikuwa tunakujibu, mpaka wamama wakapiga makelele. Nikakupigia simu, ukaniambia nilie."

"Pardon, Doyen."

"Na écran iko inaonyesha mutu mwenye anaongea, inamufanya mukubwa. Ni wewe peke yako ulikuwa unaongea!"

Shangazi mmoja akaita kutoka nyuma: "Papa, Mama Bahati anajua unatokaka na hii fulana?"

Kisha ikaja sauti ya Kisangani, nzito, bila haraka. "Papa Bahati, nimepokea maoni yako juu ya maswali yangu."

Nilikuwa natafuta mkono wa shati.

"Nitafupisha," akasema Profesa. "Mama Zuhura, mutu akikuambia maji ni mazuri sababu yanang'aa, utamujibu nini?"

Mama Zuhura akainua tena kile kidole chake. "Nitamuomba akunywe yeye kwanza, Profesa. Halafu tumungoje mpaka kesho."

"Sina swali lingine," akasema Profesa, na tukasikia mlango wa gari.

Amepita, na distinction! Poudre iliruka mpaka kwenye meza ya watahini. Mama Zuhura akasogea karibu na kamera, mweupe kama andazi kabla ya kuchomwa.

"Papa Bahati, aksanti sana kwa ile maombi. Tuliitika 'Amina' sisi wote. Wewe tu ndo hukusikia."

Ingeishia hapo, nisingelalamika. Lakini mama yake mzazi yuko Kindu, hakuweza kuja, na anataka kumwona binti yake akitetea. Ni haki yake. Jioni hii nimefungua rekodi. Rekodi inafanywa na mashine yenyewe, nayo imeandika kile tu kilichoifikia. Kwa muda ule wote njia ilipokatika, vicheko havimo. Majibu hayamo. Amina haimo. Nimo mimi peke yangu, na fulana yangu, nagombana na watu waliokaa kimya, kisha napiga magoti.

Nilifikiria kukata kipande kile. Lakini chuo hakiruhusu rekodi itoke kwa yeyote isipokuwa kamili, la sivyo utetezi utakuja kutiliwa shaka, na huyo mama hatasubiri tena kwa ajili ya fulana yangu. Nimeituma Kindu yote. Safari hii nimepima njia pande zote mbili. Imefika.

Ikiwafikia na nyinyi, chonde, tazameni sehemu za maji tu.