Wiki Nzima Bila Kumwamuru Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa ofisini. Mwalimu wa mafunzo ya vitendo kanionyesha hesabu yake: ndani ya dakika ishirini nilimwambia mteja la kufanya mara kumi na moja. Kumi na moja! Akanikumbusha, kwa upole ule unaouma kuliko kofi, kwamba mshauri wa jenetiki humweleza mtu alichorithi katika ukoo wake, kisha uamuzi humwachia mwenyewe. Nikasema nimeelewa. Nikamwambia pia avae sweta, ofisi ina baridi. Akaandika kumi na mbili.

Ijumaa ni mtihani wa vitendo. Nikianguka, narudia mwaka mzima wa uzamili. Na mama mkwe amesema wazi: mjukuu atamlea hadi muhula huu uishe, kisha anarudi kwake, magoti yamechoka. Hakuna mwaka wa kurudia. Lazima niwe mtu mwingine kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: mazoezi ya nyumbani. Nisimwamuru mtu siku nzima. Nimeanza na binti yangu, miaka miwili na kitu. Badala ya kumwambia avae viatu, nimemuuliza viatu vinamfanya ajisikieje. Akafikiri. Akavitia kwenye ndoo ya maji. Nikamwambia naona jambo hili ni gumu kwake. Akatia na simu yangu.

Mama mkwe, mlangoni, akauliza hicho chuo kinaniongezea akili au kinanipunguzia. Simu iko ndani ya mchele.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: kujua kesi mapema. Mteja wa mtihani huigizwa na mama mmoja mstaafu, tunamwita Machozi, maana hulia akitakiwa. Nimemvizia kwenye foleni ya fotokopi. Nikamsifia kitambaa, nikambebea mkoba, nikauliza kwa mbali Ijumaa atakuja na ugonjwa gani.

Akaanza kulia. Pale pale! Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akataka kujua nimemfanya nini mama wa watu. Machozi alipofika mlangoni akafuta uso, akanikonyeza.

Alhamisi, 6 Machi

Rula ni mwenzangu darasani. Huchora ukoo wa mteja kwa rula mpaka mashangazi wote wakae mstari mmoja. Amepangiwa saa tatu asubuhi, mimi saa kumi alasiri. Nikawaza: asubuhi watahini wametoka kunywa chai, wana huruma. Nikamwambia Rula alasiri ndipo maksi humwagwa. Kabadilishana nami bila swali, na asante juu! Nimejisikia vibaya kama dakika mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Gego! Binti yangu kachagua kuota gego usiku wa kuamkia leo. Sikupata hata lepe la usingizi. Saa tatu nimeketi mbele ya Machozi kama gunia.

Kesi yake: amerithi hitilafu ya jeni inayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Mdogo wake wa kike hajui, na hawajasemezana miaka minne. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: mpigie simu sasa hivi! Nikafumba macho kidogo, nilipange vizuri.

Nilipofumbua, Machozi analia, watahini wameinamia karatasi. Dakika ngapi zimepita, sijui. Nikaweza kusema “mm” tu. Akapenga kamasi, akasema kumbe anaogopa kugombana kuliko ugonjwa wenyewe, na Jumapili atakwenda kwa mdogo wake.

Nimefaulu! Mwalimu kasema hajaona mwanafunzi akimnyamazia mteja kwa heshima namna ile. Nikaingia chooni, nikalia, nikacheka, nikabaki nimekaa nahema tu. Mama mkwe kanikumbatia kwa nguvu. Kisha akatoa begi lake juu ya kabati, alifute vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Mwili mwepesi kama nimetuliwa tenga la mawe.

Rula ameanguka. Watahini walikuwa na njaa, naye akamwagia Machozi hesabu tisa tofauti za asilimia. Kwa kuwa hajawahi kuanguka, wamempa nafasi moja Jumatano kabla ya kumrudisha mwaka. Roho ikaniuma, nikamwita nyumbani nimpe siri. Nimemwandikia maagizo kumi na manne ya namna ya kutomwagiza mteja. La kwanza: asilale Jumanne. Nimejitolea kumwazima mtoto.

Akainua mkono, alikuwa na neno. Nikamwambia anyamaze, namfundisha kusikiliza.