Wahitimu Juu ya Jiwe la Ngassa

Kijijini, kando ya barabara ya Katoro kwenda Ushirombo,
Alhamisi, Oktoba.

Kwa Mwalimu Agatha,
Mkuu wa Shule ya Sekondari ya Kata.

YAH: WANAFUNZI WAKO WA KIDATO CHA NNE NA MPIGA PICHA WAO

Mpendwa Mkuu wa Shule,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikufundisha darasa la tatu na la nne, na nakumbuka ulikuwa mtoto wa kusikia jambo mara moja. Kwa hiyo sitarudiarudia. Wahitimu wako wamelivamia jiwe la babu yangu Ngassa kwa ajili ya kupigwa picha. Kwa sababu ya picha hizo, jiwe lenyewe, malisho yanayolizunguka na chemchemi iliyo chini yake viko mbioni kugeuzwa kuwa shimo la dhahabu, na siku iliyotajwa ni Jumamosi hii. Naomba uwazuie. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usipotee.

1. Mtihani wa taifa unaanza mwezi ujao. Hata hivyo, tangu katikati ya Septemba watoto hawa wanapanda jiwe langu wakiwa na majoho na kofia bapa zenye kamba inayoning'inia, mavazi ambayo mimi, niliyeshika chaki miaka thelathini na minane, sijapata kuyavaa. Mkulima hafanyi sherehe ya mavuno siku ya palizi. Lakini mtoto asiyejua kukokotoa eneo la pembetatu amekwisha kurusha kofia hewani kama aliyemaliza elimu yote ya dunia. Kofia moja ilitua kwenye pembe ya ng'ombe wangu, akaondoka nayo hadi kwenye maji. Nilimtazama akinywa huku ameivaa. Ilimkaa vizuri kuliko mwenye kofia.

2. Mpiga picha ni kijana aitwaye Evance. Hutoka Katoro kwa pikipiki, amepakia kamera, mwavuli mweupe, maua ya plastiki, miwani ya jua ya kuazimisha na karatasi ya kung'aa yenye ukubwa wa ungo, ambayo humwelekezea mtoto mwanga usoni kana kwamba jua letu halitoshi. Nilimuuliza kwa nini asiwapige picha shuleni, mbele ya ubao, mahali wanapodaiwa kusomea. Alinijibu, "Shikamoo babu. Ubao kila mtu anao. Siku hizi watu wanataka mandhari." Nimeishi katika mandhari hiyo miaka sabini na mmoja bila kuarifiwa.

Maagizo yake nimeyasikia kwa masikio yangu nikiwa zizini. Alimwambia msichana mmoja, "Tazama kule mbali kama unayaona maisha yako." Msichana akatazama kwa muda mrefu, tena kwa hisia. Kule mbali kuna choo changu. Kundi la wavulana aliwaambia, "Chekeni kama mmeshaajiriwa." Wakajaribu mara tatu, wakashindwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo ili amwige.

3. Wewe ni mtoto wa hapa, huna haja ya kuelezwa ngitili ni nini, lakini huenda ukawasomea barua hii walimu wako waliotoka mbali. Ni malisho tunayoyafunga tangu wakati wa mvua ili nyasi zirefuke, tukayafungua kiangazi kinapokuwa kikali na kwingine kote kumebaki vumbi. Ng'ombe wangu wanaiona ngitili hiyo kila siku, wala hawaingii. Ndama huipita akiwa na njaa. Hawakusoma hata chekechea. Wanafunzi wako, baada ya miaka kumi na mmoja darasani, wamelala chali ndani yake, mikono wameitandaza, huku Evance amesimama juu ya kiti cha pikipiki akiwapiga picha kutoka juu. Walipoondoka niliingia nikahesabu maumbo ishirini na sita ya binadamu kwenye nyasi zangu. Mgeni akipita atadhani palipiganwa vita, na kwamba upande mmoja ulikuwa na visigino virefu.

4. Mke wangu Mariana huanika michembe juu ya jiwe, kama alivyofanya mama yangu na mama yake. Wiki iliyopita Evance alimwagiza mvulana aichote michembe kwa mikono miwili na kuirusha juu, ishara ya furaha. Viazi tulivyovilima, tukavichimba, tukavimenya na kuvikata kwa wiki nzima vikapaa hewani kwa ajili ya furaha ya mtu ambaye katika jaribio la Hisabati, nimeuliza, alipata alama kumi na moja kwa mia. Nilitegemea Mariana awafukuze kwa fimbo. Aliomba aoneshwe picha ilivyotoka. Kuhusu Mariana sitaandika zaidi.

5. Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mjukuu wangu Limi ni mwanafunzi wako. Nilimkataza asipigwe picha, naye akaitikia vizuri, akaenda akapigwa. Katika picha hiyo ameketi ukingoni mwa jiwe, ameshika kitabu cha Baiolojia kilichopinduliwa. Nyuma yake kuna mshipa wa jiwe jeupe uliopita katikati ya mwamba tangu enzi za Ngassa, na ile karatasi ya Evance imeumulika mpaka ukawaka. Evance akaiweka picha hiyo mtandaoni ili kuitangaza kazi yake. Watu wa kawaida waliona msichana. Wachimbaji wa Nyarugusu waliona jiwe.

Jumanne walifika watatu. Kiongozi wao, Benjamini, alinipa shikamoo ya heshima, akatoa simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka mjukuu wangu akatoka kabisa pembeni, ukabaki mshipa peke yake. Akasema, "Mzee, huyu binti amekalia mali." Nikamjibu kwamba huyo binti amekalia michembe ya bibi yake. Akacheka, akasema kwamba dhahabu ikitaka kujificha hujificha hata chini ya viazi. Nikamweleza kwamba kinachong'aa pale ni karatasi ya mpiga picha. Akawageukia wenzake na kusema, "Mnaona? Wazee wenye mali husema hivyohivyo." Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini. Ningenyamaza angeamini vilevile. Ningemwambia ipo, angekuwa amekwisha kuanza kuchimba.

Amesema watarudi Jumamosi na nyundo kuuvunja mshipa, na wakiona dalili watafungua duara. Duara ndilo jina la mashimo yao, ingawa yote niliyoyaona ni ya mraba. Simlaumu. Huenda naye alihitimu kwa mtindo huu.

Mwalimu, hili si jambo la kuchekesha kwangu. Shemeji yangu kule Nyarugusu aliwakubalia watu kama hawa waangalie tu. Waliangalia mita arobaini kwenda chini. Leo kisima chake kimekauka, shamba lake limekuwa kifusi, na ng'ombe wake ninawachunga mimi, wakiisubiri ngitili hii ifunguliwe, kwa maji ya chemchemi hii. Mimi nikichimbwa, sina shemeji mwingine wa kumkimbilia. Nilikwenda kwa Mtendaji wa Kijiji. Alisema suala ni nyeti, linahitaji kikao. Kisha akaniuliza kama ile picha ninayo.

6. Chanzo cha yote haya ni mandhari. Laiti Limi angepigwa picha mbele ya ubao, Benjamini angeukuza ubao, asingeona kitu, kwa kuwa nasikia mara nyingi hauna kitu. Kwa hiyo naomba shule yako ipitishe kanuni hizi.

(a) Mwanafunzi asipigwe picha ya kuhitimu mpaka matokeo yatoke.

(b) Matokeo yakitoka, kila mmoja asimame kwa kadiri ya alichokipata. Daraja la Kwanza juu kabisa ya jiwe. La Pili kwenye bega lake. La Tatu chini, wakiegemea. La Nne wasimame njiani, wakilitazama jiwe kwa mbali. Waliopata sifuri wapigwe picha wakichota maji, ili angalau picha iwe na faida kwa mtu.

(c) Asicheke mtu yeyote kama aliyeajiriwa kabla hajaonesha barua ya ajira. Barua ioneshwe kwangu.

(d) Joho livaliwe na anayeweza kuandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini amelivaa.

(e) Picha zote zilizokwisha kupigwa zirudishwe, na sehemu ya jiwe ipakwe wino mweusi. Mtoto abaki, jiwe liondoke. Mwenye kuona kwamba bila jiwe picha yake haina maana atakuwa amejifunza jambo la mwisho katika elimu yake ya sekondari.

(f) Wahitimu wote mia moja na kumi na wawili wapelekwe mbele ya Padri, na kila mmoja aape kwamba alisimama juu ya Jiwe la Ngassa na hakuona dhahabu. Kiapo hicho kiwekwe mtandaoni palepale ilipowekwa picha ya Limi, kwa herufi kubwa, maana Benjamini anapenda kukuza vitu.

(g) Ikiwa (f) haitawezekana kabla ya Jumamosi, basi shule itangaze hadharani kwamba jiwe hilo halipo, kwamba ni pazia la studio lililochorwa huko Mwanza. Najua huu ni uongo. Lakini shule iliyotangaza kwamba hawa ni wahitimu haiwezi kushindwa na uongo mdogo kama huu.

Naamini utachukua hatua. Ukiwa darasa la nne uliwahi kumzuia mbuzi aliyeingia darasani wakati wa imla, peke yako, bila kuinuka kwenye dawati. Hawa ni wengi zaidi, lakini wana adabu pungufu kidogo tu.

Wape salamu walimu wote, hata yule wa michezo anayekuja kwangu kupigwa picha pamoja na wanafunzi na kudhani sikumwona. Msalimie mama yako, mwambie mguu wangu unaendelea vizuri. Wasalimie wapishi, mlinzi, na mhasibu. Evance msimsalimie.

Nabaki kuwa mwalimu wako, niliye chini ya jiwe na si juu yake,

Dominiko Makoye,
Mwalimu Mstaafu.

Nakala: Mtendaji wa Kijiji (kwa ajili ya kikao).
Baba Paroko (kwa ajili ya viapo).

Nyongeza, Jumamosi jioni.

Barua hii ilikuwa iletwe jana na Limi, lakini alishinda akisukwa nywele. Sikumgombeza kwa wakati, na sasa nafurahi.

Benjamini alifika leo saa tatu asubuhi na watu wanane, nyundo na sululu. Alikuta wanafunzi wako arobaini na watatu juu ya jiwe, pamoja na mama zao, shangazi zao, keki mbili na spika. Aliwaambia wapishe, ana kazi. Mama mmoja, Hosiana, auzaye samaki Katoro, akamjibu, "Mwanangu, foleni inaanzia kule kwenye pikipiki. Mimi nimeamkia hapa. Na kama unataka picha, kavae shati kwanza." Watu wake mwenyewe ndio waliocheka zaidi. Benjamini akasema hakuja kupiga picha. Hosiana akamwambia, "Miaka minne nimeisubiri picha hii, wewe utashindwa kusubiri saa mbili? Kaa chini, baba. Kula keki."

Wakakaa kwenye kivuli cha zizi. Lakini mtoto mmoja hupigwa peke yake, kisha na mama, kisha na shangazi, kisha na ukoo, kisha analala kwenye nyasi. Hadi saa saba hawakuwa wamefika nusu. Ilipofika saa kumi na moja foleni ilianza kupungua, nikamwona Benjamini akiokota nyundo. Ndipo nilipoufungua mlango wa ngitili kwa mkono wangu, nikawaambia wote waliokwisha kupigwa kwamba wamesimama vibaya na warudie. Mariana akaleta michembe sinia nzima, akawaonesha namna ya kuirusha. Walipokwisha wote, nikapanda mimi. Evance aliniazima joho, akanipiga kwa upande wa kulia, wa kushoto, nimeketi, nimesimama, nikitazama mbali, mpaka jua lilipozama na kamera ikakosa mwanga.

Benjamini aliwasha pikipiki akaniambia, "Mzee, sisi tunarudi Jumatatu. Jumatatu watoto wako shule."

Kwa hiyo, Mwalimu Agatha, kanuni nilizoziandika hapo juu zifute zote. Madaraja usiyaangalie, wote wasimame juu, wakibanana ni vizuri zaidi. Jumatatu uwape ruhusa. Uwalete na kidato cha tatu, na cha pili pia, kwani atakayehitimu kesho kutwa ni mhitimu. Vitabu waje navyo, watasomea juu ya jiwe, na Hisabati nitawafundisha mimi, tukianza na pembetatu. Evance nimekwisha kumwomba aje, na Jumanne, na kila siku hadi mvua zianze kunyesha.

Wafike kabla ya saa moja. Mimi nitakuwa nimekwisha kupanda.