Gauni Jeupe na Chupa ya Bitiruti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Msiba! Mwalimu Maxwell wa kwaya ametangaza sare ya mashindano ya Jumamosi kule Werugha: gauni jeupe, shingoni hadi kisiginoni. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga hesabu. Jumamosi ni siku yangu ya pili. Na yangu si hedhi ya watu. Yangu ni Mto Voi mvua ikinyesha milimani.

Nani alimpa Maxwell wazo la rangi nyeupe? Ajwang', naapa. Anaitamani nafasi yangu ya kuanzisha wimbo tangu tununue spika. Hataipata.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu Daisy anasema pedi nane kwa siku si kawaida, niende zahanati. Nikamwambia zahanati kuna foleni, na kwenye foleni kuna wanakwaya.

Nimesoma kwa simu kwamba molasi hurudisha damu. Inauzwa duka la dawa za mifugo, ile nyeusi ya kuchanganya na nyasi. Vincent mwenye duka akauliza ng'ombe wangu anatoa kiasi gani. Nikasema nyingi mno, ndiyo shida. Akauliza umri. Arobaini na mbili. Akanipimia huku akitazama pembeni.

Jumatano, 5 Machi
Vijiko sita. Nimeshinda chooni. Ng'ombe ni viumbe wavumilivu.

Nimehamia kwa Mukonyo, muuza mizizi sokoni. Yeye anasema: bitiruti nyekundu, tangawizi, ukwaju, loweka siku mbili, kunywa asubuhi ya kazi. Nikaongeza molasi iliyobaki. Kwa nini itupwe? Mukonyo alionya nisiikaze chupa, hii kitu inapumua.

Ijumaa, 7 Machi
Imeanza. Bila aibu. Mazoezini nimeshikilia kinanda nisianguke. Ajwang' akauliza mbele ya wote: "Mama Daisy, mbona midomo imekuwa rangi ya ugali? Keti kidogo, mimi nianzishe."

Keti! Nikaanzisha juu kuliko kawaida. Wa sauti ya kwanza hawajanisamehe.

Chupa inanuka, na Ajwang' ana pua ya fisi. Akijua, Voi nzima imejua. Nimekaza kifuniko, nikafunga nailoni, raba mbili, na utepe wa fundi bomba. Sasa ipumue, tuone!

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nikiwa na leso ya Ajwang' kiunoni. Aibu haina mwisho.

Sikuinywa asubuhi. Niliogopa choo. Nikaona nitakunywa tukifika. Basi likapanda milima, mkoba mapajani, chupa ikanguruma kidogo. Kona ya tatu: BUM! Nyekundu kifuani, nyekundu magotini, nyekundu hadi kwenye kioo. Ajwang' akapiga yowe kwamba Mama Daisy anakwisha. Nikasema ni bitiruti. Wakasema maskini, ameanza kuweweseka. Ajwang' akafungua mkoba wake, akatoa leso nyeusi, akanifunga haraka kama mtu aliyezoea.

Wakanibeba hadi zahanati ya Werugha, jirani na ukumbi wa mashindano. Mimi, niliyekimbia foleni ya Voi, nikapelekwa na kwaya nzima. Muuguzi akanusa gauni, akacheka hadi akashika ukuta. Akaacha alipovuta kope langu la chini. Akapima. Damu ni saba, na inatakiwa kumi na mbili. Akasema juisi ni chakula, haizibi kitu. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, vingine vya kupunguza damu inayotoka, na barua nikapigwe picha ya tumbo wiki hii hii. Akauliza nilikuwa nangoja nini. Nikasema mashindano yaishe. Hakucheka.

Kupitia dirisha nikamsikia Ajwang' akianzisha wimbo wangu. Tukatoka nambari moja! Na aliimba vizuri, Mungu amsamehe.

Jumatatu, 14 Aprili
Picha ilionyesha uvimbe mdogo kwenye kizazi. Natumia dawa. Mwezi huu pedi nne kwa siku, na ngazi za kanisa napanda bila kuomba maji. Watu wakiuliza, nasema molasi.

Leo Ajwang' amekuja kibandani kwangu, akanunua nyanya asizohitaji. Kisha kwa sauti ya chini: hata yeye. Miaka mitatu. Ile leso haitoki mkobani. Gauni jeupe alilipinga, Maxwell akakataa kusikia. Akauliza nini kilinisaidia mimi.

Nikajisikia vibaya kwa dakika nzima. Mimi si mnyama. Nikamwambia aende zahanati kesho, apimwe, nitamsindikiza. Akanishika mkono, akaniita dada.

Halafu nikakumbuka ile nambari moja. Mei tunaenda kuimba Taveta, na Maxwell bado hajaamua nani ataanzisha. Nikamwambia, dada, kwa siku ya safari beba bitiruti kidogo kwenye chupa. Weka na molasi. Ifunge kabisa, isipoteze nguvu. Akaandika kila neno.

Jioni Maxwell ametuma mpangilio wa viti vya basi la Taveta. Amefurahi kuona tumepatana. Ametuweka pamoja, Ajwang' dirishani, mimi kando yake. Sawa tu. Nimeshapiga pasi gauni jipya. Jeupe!