Malalamiko Kuhusu Jokofu Linalojificha Kabatini

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba na Jiko.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wenzako wote hapo ofisini, na kwamba jokofu lenu linaonekana kwa macho. La kwetu halionekani, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni mstaafu wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza stoo wa hospitali, kazi ambayo kila kitu kina rafu yake, kila rafu ina kibandiko chake, na ukiulizwa glovu ziko wapi unajibu bila kuinua kichwa. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia ni mtu wa mpangilio. Ninaishi na mke wangu, ambaye ni mshonaji; mama yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi; na binti zetu wawili, mkubwa aliyechumbiwa na kitinda mimba aliye darasa la sita.

Miezi minne iliyopita ukurasa wenu ulitoa makala yenye kichwa "Je, Jokofu la Kujengewa Kabatini Linaifaa Familia Yako?" Chini yake mliweka maswali saba ya kujipima. Mke wangu aliikata makala hiyo kwa mkasi wake wa vitambaa. Mkasi huo, Mhariri, haugusi karatasi. Niliwahi kuutumia kufungulia bahasha mwaka wa pili wa ndoa yetu na habari hiyo bado inazungumzwa. Kwa hiyo nilipoona karatasi imekatwa kwa mkasi ule, nilijua jambo limeshaamuliwa na kilichobaki ni kikao.

Kikao kilifanyika jikoni. Jokofu letu la zamani, jeupe, refu, lenye tumbo, lilikuwa limesimama pale miaka kumi na tisa, na kutoka sebuleni ndilo lililokuwa likimpokea mgeni kabla yetu. Mke wangu alisema amechoka kuwapima wateja wake nguo huku friji linawakodolea macho. Tukaanza kujibu maswali yenu. Je, jiko lenu ni dogo? Ndiyo. Je, linaonekana kutoka sebuleni? Ndiyo. Je, ninyi ni familia yenye mpangilio? Hapo wote walinitazama, nami nikajibu ndiyo kwa niaba ya wote. Tulipata saba kwa saba. Bibi peke yake alipinga. Aliuliza, "Friji linalojificha linamkimbia nani?" Tulimcheka. Siku hizi akiuliza swali hatucheki.

Akaitwa seremala ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Fundi Milimita, kwa kuwa hakubali kitu kipishane na kingine hata kwa upana wa ukucha. Alitujengea makabati matano marefu kwenye ukuta wa pili, rangi ya maziwa, milango sawasawa, bila vishikio. Unauvuta mlango kwa ukingo wake. Nyuma ya mlango mmoja kuna jokofu jipya. Kazi ni safi, siwezi kusema uongo. Ila siku ya kutukabidhi, Fundi mwenyewe alitaka kutuonyesha jokofu akatuonyesha mafagio.

Yafuatayo ni malalamiko yangu.

1. Jokofu halipatikani. Sisi wenyewe tulichukua wiki mbili kulizoea, lakini wageni hawana wiki mbili. Wazazi wa mchumba wa binti yetu walikuja kutuona kwa mara ya kwanza. Unajua hali ya nyumba saa moja kabla ya wageni wa namna hiyo. Kila kilichokuwa sebuleni bila kazi tulikisukumia kwenye kabati la nne: nguo zisizopigwa pasi, vipande vya vitambaa, mwavuli uliovunjika, kitabu changu cha hesabu za stoo ambacho sikutakiwa kuondoka nacho nilipostaafu, na mto wa Bibi. Tukauegemea mlango ukafunga. Mazungumzo yakaenda vizuri. Baba wa kijana ni mpimaji ardhi, mtu mpole, asiyemaliza sentensi. Mama wa kijana ni mkunga, na wakunga hawajui kukaa wakihudumiwa. Akainuka akasema, "Kaeni tu, maji nachukua mwenyewe, nimeshakuwa wa nyumbani."

Binti yangu alinitazama. Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alikitazama kikombe chake.

Mama huyo akafungua mlango wa kwanza, akakutana na mabakuli ya plastiki yasiyo na vifuniko na vifuniko visivyo na mabakuli. Akafunga kwa adabu. Akafungua wa pili, ambamo tunahifadhi sahani za majirani tunazokusudia kuzirudisha. Akafunga. Wa tatu ulikuwa wa mafagio. Alipoushika wa nne nilisimama nikasema, "Mama, subiri," na hilo ndilo neno la mwisho nililosema nikiwa na heshima yangu. Vitu vyote vilimshukia. Alibaki amesimama katikati ya jiko, amekumbatia mto, na suruali yangu ya kulalia ikiwa begani mwake. Akauliza taratibu, "Samahani, hili ndilo friji?"

Ni haki niseme kwamba hakukasirika. Alikaa chini palepale sakafuni akaanza kukunja nguo, mke wangu akakaa naye, na baada ya nusu saa walikuwa wanacheka hadi wanafuta machozi. Uchumba uko palepale. Lakini, Ndugu Mhariri, tangu siku hiyo mkunga yule ananiita Baba Kabati, na juzi nilisikia mumewe ameanza kumwambia mtu kwenye simu, "Tunakwenda kwa Baba Ka..." Hakumaliza, kwa tabia yake, lakini nilielewa.

2. Familia imekosa serikali. Mlango wa jokofu la zamani ulikuwa ubao wetu wa matangazo. Hapo kwa sumaku tulibandika ratiba ya shule, kadi za kliniki, zamu za kuosha vyombo na vipimo vya wateja wenye haraka. Mlango wa sasa ni wa mbao na haushiki sumaku. Fundi Milimita amekataza gundi. Alisema afadhali tubandike kwenye paji lake la uso. Matokeo yake ni kwamba barua ya kikao cha wazazi ilizunguka nyumbani bila makazi, nami nikaenda shuleni Jumanne nikiwa nimevaa suti, ilhali kikao kilikuwa Alhamisi. Nilimkuta mwalimu mkuu na watu wengine wanne mezani, nikaketi. Kumbe ilikuwa kamati ya ujenzi wa vyoo. Waliuliza nani anajua kuandika vizuri, nikanyoosha mkono kwa mazoea ya kazi. Sasa mimi ni katibu wa kamati hiyo kwa miaka miwili. Sikuomba. Jokofu limenichagulia.

3. Jokofu jipya halina sauti. Najua makala yenu ilisifu jambo hili, kwamba linafanya kazi "kimya kama halipo". Hamkufikiri kimya hicho kitajazwa na nini. Jokofu la zamani lilinguruma vizuri, na chini ya mngurumo ule mtu na mke wake waliweza kutofautiana bila kushirikisha ukoo. Wiki iliyopita nilimnong'oneza mke wangu kwamba mchuzi umezidi chumvi. Kutoka sebuleni, ambako tulidhani Bibi amesinzia, sauti ikajibu, "Hata jana ulizidi." Mke wangu hakusema na yeyote kati yetu mpaka kesho yake. Bibi na mimi, ambao kwa miaka ishirini na sita tumekuwa tukiheshimiana kwa mbali, tulijikuta tumefungwa pamoja upande mmoja wa kesi.

4. Jokofu halina juu. Hili wanaotunga maswali ya kujipima hawawezi kulijua, kwa kuwa hawana nyumba. Juu ya jokofu ndiko kila kisicho na pake hupata pake: tochi, dawa ya kikohozi, funguo zisizojulikana za wapi, betri zinazoshukiwa kuisha. La sasa limefungiwa hadi darini. Vitu hivyo sasa vinatangatanga. Nimekuta funguo kwenye sukari. Miwani yangu ya kusomea niliitafuta siku tatu, ikapatikana ndani ya jokofu lenyewe, kwenye nafasi ya mayai, na hakuna aliyekiri. Mimi, mtunza stoo, niliweka miwani kwenye mayai. Ndivyo binti yangu mdogo anavyodai, na sina ushahidi wa kumpinga.

5. Sufuria kubwa haiingii. Ukubwa wa nje ni uleule, lakini ndani, ukishaondoa unene wa kabati na nafasi ya hewa ambayo Fundi ameipima kama fundi saa, inabaki nafasi ya familia ya watu wawili wasiopenda kula. Tulijaribu sufuria kwa kuilaza, kwa kuinyanyua, na kwa kuibembeleza. Kwa hiyo chakula kinachobaki lazima kiliwe, na katika nyumba ya mshonaji, bibi kizee na mabinti wawili wanaojitazama kwenye kioo, unadhani ni nani anayeambiwa "baba, malizia tu"? Suruali zangu tatu hazifungi. Mke wangu amezipanua mara mbili na ameniambia kitambaa cha kupanulia kimekwisha. Nadhani sasa unaona kwamba hili si suala la jiko tena. Ni suala la afya ya jamii.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima mambo yafuatayo. Mosi, mchapishe masahihisho na kuongeza swali la nane: "Je, mna kabati msilotaka lifunguliwe?" Pili, mliyemtuma kuandika makala ile aje akae kwetu wiki moja, apewe kiu, na asisaidiwe. Tatu, mfikishe kwa wahusika pendekezo langu kwamba jokofu lolote lililofichwa liwekewe taa nyekundu juu ya mlango, kama mlango wa chumba cha upasuaji. Nne, kwa kuwa ni mimi niliyejibu "ndiyo" kwenye swali la mpangilio, nipewe cheti kutoka ofisini kwenu kinachothibitisha kwamba swali lilikuwa na mtego. Nitakitundika, nikipata mahali pa kukitundika.

Kwa upande wangu nimeshaamua. Jokofu hili haliifai familia yetu. Fundi Milimita anakuja Jumamosi kulitoa, na lile la zamani, ambalo liko barazani limefunikwa shuka, litarudi mahali pake pa miaka kumi na tisa. Msijaribu kunishawishi vinginevyo.

Wasalimie wachapaji, wasambazaji, mpiga picha wa yale majiko ambayo hayajawahi kupikiwa, na wote nyumbani kwako. Bibi anakusalimu na kusema atakuja mwenyewe ikibidi.

Ni mimi, ninayetafuta maji baridi kwa kupapasa,

Mtunza Stoo Mstaafu.

N.B. Leo ni Jumamosi. Kabla sijaifunga bahasha nilimpa mke wangu barua hii aisome. Aliisoma yote akiwa amesimama, akanirudishia, akaniuliza, "Mbona hukuandika habari ya dirisha?"

Ni kweli, sikuandika. Jokofu la zamani lilipoondolewa, nyuma yake kulikuwa na dirisha. Tulipohamia nyumba hii tulikuwa na haraka, kitinda mimba hajazaliwa, na soketi ilikuwa upande huo, basi tukalisimamisha pale tukalisahau. Mabinti zangu wamekua wote wawili bila kujua jikoni kwetu kuna dirisha. Linatazama ua wa jirani na mti wake mmoja wa mapera. Siku ya kwanza Bibi alikaa mbele yake toka asubuhi hadi saa sita, na nilipomuuliza anaangalia nini alisema, "Nje." Mke wangu amehamishia cherehani yake hapo. Anasema sasa anaweza kutunga uzi mweusi kwenye sindano bila kumwita mtu, na kwamba miaka yote hii alidhani ni macho yake yanayokwisha, akaogopa kuniambia.

Hilo sikulijua. Miaka ishirini na sita tumeishi pamoja, na hilo sikulijua.

Fundi Milimita amefika na vyombo vyake vyote. Nimempa chai na nimemwambia jokofu libaki. Lile la barazani limeombwa na kamati ya ujenzi wa vyoo, kwa ajili ya maji ya kunywa ya mafundi. Nimeshaliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba usiichapishe barua hii. Kama umeshaichapisha, basi ondoa namba tano, kwa sababu ya suruali.

Ningeendelea, lakini ninaandikia hapa dirishani, na mke wangu anasema nisogee kidogo, namzibia mwanga.