Wimbo Uliopigwa Muhuri Mara Tatu

Napenda kuwatangazia wananchi wote wa Eldoret, wakiwemo wale wa Kimumu wanaonicheka nikipita, kwamba Idara ya Kuunga Mkono Muziki wa Hapa imetimiza mwaka mmoja bila kupoteza hata kiti kimoja. Mimi, Nicholas Lusweti, ndiye Afisa Mwandamizi wa Makofi. Kazi yangu ni kuhakikisha msanii wa hapa akimaliza kuimba, anapigiwa makofi ya kiwango kinachokubalika. Kabla yetu watu walikuwa wakipiga ovyo, wengine hata kabla wimbo haujaisha.

Kuna maneno yanazunguka mjini, na mimi maneno ya chini chini siyapendi. Wacha nieleze ilivyokuwa, halafu kila mtu arudi kazini.

Kila Jumapili saa tisa, msanii mmoja anayeitwa Marion Nabalayo alikuwa akipiga litungu, ile ala ya nyuzi saba, kwenye uwanja wa hoteli ya Mama Hellen hapo Kimumu. Watu walijaa. Mafundi wa mjengo, walimu, mama mboga, wote wakikalia kreti za soda na kucheza mpaka vumbi likaingia kwenye chai. Yaani jamii ilikuwa inamuunga mkono msanii wake bila kibali chochote. Mkurugenzi wetu, Bwana Isaiah Murunga, alishtuka sana.

"Lusweti, hawa watu wanaunga mkono kwa sheria gani?"

Tukaufunga uwanja.

Jumatatu Marion akafika ofisini, litungu mgongoni.

"Mkubwa, mbona mmenifungia? Watoto wangu wanakula kwa hii litungu."

"Hatujakufungia, dada. Tumeanza kukuunga mkono."

"Kwa kufunga?"

"Kwa utaratibu. Siku ya uzinduzi wa vibali utaimba mbele ya Mkurugenzi. Ukipita, unapata kibali unarudi Kimumu. Usipopita, hiyo kitu utaiweka juu ya kabati. Sasa jaza maneno ya wimbo kwenye fomu, nakala tatu."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Wimbo ya litungu haiandikwi mbele. Naangalia watu wenye wako hapo, naimba chenye naona. Mtu akivaa viatu mpya, naimba viatu. Akitoroka bibi, naimba hiyo."

Hilo lilikuwa tatizo la kitaalamu, na kamati ilikaa vikao vinne. Cha kwanza kilipotelea kwenye swali la kama mwanamke anaruhusiwa kushika litungu, maana kwa mila ni ala ya wanaume. Tulikubaliana kuwa hatuna msimamo, ila iandikwe kwamba tulijadili kwa kina. Kwenye kikao cha nne mimi mwenyewe nikapata suluhisho, na sijisifu. Kama ni lazima aone watu ndiyo atunge, basi akae kwenye benchi letu la kungojea, atuangalie sisi watu wa heshima, aandike.

Alikaa siku kumi na saba. Kila asubuhi aliuliza, "Mkurugenzi yuko?" Nami namjibu, "Yuko kwenye mkutano. Kwani huoni koti lake?" Koti lilikuwa pale kwenye kiti, la kahawia, limeripoti kazini tangu saa mbili. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa shambani kwake, kule mji wa Ziwa, akisimamia ng'ombe wake wakikamuliwa, jambo ambalo ukilitazama vizuri nalo ni mkutano. Marion aliandika. Tukinywa chai ya saa nne, aliandika. Siku moja nilisinzia kidogo juu ya faili lake, na nilipoamka nikamkuta bado anaandika. Nikasema moyoni, huyu ni msichana mwenye bidii.

Siku ya kumi na nane akarudisha fomu. Sikusoma. Ieleweke kwamba afisa wa ngazi yangu hasomi, anaidhinisha. Mkurugenzi, ambaye siku hiyo alikuwa amelifuata koti lake, aliuliza kitu kimoja tu.

"Jina langu limo?"

Nikapitisha macho juu juu. "Limo mara kumi na moja, mkubwa."

Uso wake ukachanua. Akagonga muhuri mwenyewe, mara tatu, akaongeza kwa mkono wake: *Uimbwe wote. Usikatizwe. Maafisa wote wapige makofi hadi mwisho.*

Siku ya uzinduzi watu walikuja hata kutoka mji wa Turbo. Niliwapanga maafisa mstari wa mbele, Mkurugenzi katikati. Marion akakaa kwenye kigoda, akagusa nyuzi, akaanza.

*Murunga eh, koti lako lina bidii,*
*linafika saa mbili, haliendi Ziwa.*
*Koti, nisainie wewe, mwenyewe hayuko.*

Watu walilipuka. Ubeti wa tatu ulikuwa wangu. Ulihusu mtu anayekoroma juu ya faili la mama anayengojea, na mate yake yakifuta jina la huyo mama. Niliona haya, nakubali. Sikujua nilitoa mate.

Mkurugenzi akaniinamia. "Simamisha huyu."

"Siwezi, mkubwa. Umeandika usikatizwe."

"Basi wacha kupiga makofi."

"Umeandika hadi mwisho."

Tukapiga. Wimbo ulikwenda dakika ishirini na tano, na Mkurugenzi naye alipiga, maana uwanja mzima ulikuwa unamwangalia mikono. Kwa upande wa viwango, yalikuwa makofi bora zaidi katika historia ya Idara. Na kwa kuwa wimbo wenye muhuri umeshapita, Marion alipewa kibali palepale.

Tangu siku hiyo wananchi wakiingia ofisini wanasalimia koti kwanza. "Koti, umeamkaje? Nyumbani wazima?" Mkurugenzi ameacha kulivaa, na Eldoret mwezi wa saba, kwa baridi ile, si mahali pa kuacha koti. Akaamuru wimbo ufutwe. Nikamkumbusha kanuni yetu wenyewe, kwamba wimbo ulioidhinishwa haufutwi bila sahihi ya mtunzi.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita tulienda Kimumu, mimi na yeye, na fomu, nakala tatu. Mama Hellen alitupokea vizuri.

"Marion yuko?" Mkurugenzi akauliza.

"Yuko kwenye mkutano," Mama Hellen akasema, akatuonyesha kwa kidevu. Jaketi la Marion lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. "Kaeni hapo kwa kreti."

Tukakaa. Watu wakaja, wakajaa, wakatuzunguka. Tulingoja kwa muda wa saa mbili. Hatimaye Marion akatoka jikoni na litungu, akaketi mbele yetu, akakaza uzi mmoja, na hakuiangalia fomu. Aliangalia viatu vya Mkurugenzi, ambavyo bado vilikuwa na samadi ya Ziwa.

Mkurugenzi akavuta miguu chini ya kreti, lakini uzi wa kwanza ulikuwa umeshalia.