Nimeshika Mwiko

Jumatatu, 15 Julai

Baridi ya Iringa haina adabu. Inaingia mpaka kwenye meno. Kwetu Madibira saa hizi watu wanaanika mpunga vifua wazi. Mimi nimevaa makoti mawili na bado natetemeka na ndoo ya udongo kichwani.

Naandika kwa sababu hapa kila mtu anaandika. Mkuu wetu, Dkt. Yusta, ni mwanaakiolojia, na hawezi kusogeza jiwe bila kuliandika kwanza. Nikaona, kama kuandika ndiko kunakomfanya mtu aitwe daktari, basi nami nijaribu. Niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu ulisifiwa.

Nilikuja kwa makosa. Niliambiwa kuna watu wanachimba kilima nje ya mji. Nikajua tu: mali za Mjerumani! Nani asiyejua kwamba Mjerumani alifukia masanduku? Kumbe wapi. Hawa wanatafuta mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha chuma. Si chuma. Mahali! Pamoja na uchafu wake, ambao wanauita mavi ya chuma. Siku yangu ya kwanza Daktari alituagiza tuokote mavi yote tutakayoyaona kilimani. Mimi ni mfugaji. Nikajaza kiroba. Ya ng'ombe, ya mbuzi, makavu, safi. Daktari alifungua kiroba, akakifunga, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa mgeni. Tangu hapo Jailos ananiita Kiroba.

Huyo Jailos ni Mhehe wa hapa hapa na ndiye mwenye mwiko. Kazi hii ina ngazi. Chini kabisa ni ndoo, halafu sepetu, halafu chekeche. Juu kabisa ni mwiko, ule wa fundi wa kujengea, ila umenolewa. Mwenye mwiko anapiga magoti ndani ya mraba wa kamba, anakwangua udongo kidogo kidogo kama anayemkuna mtoto mgongoni. Habebi kitu. Sisi ndio tunambebea.

Sasa tatizo. Jana mke wangu Nyamizi aliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani. Mdomo ukatangulia. Nikamwambia nimeshika mwiko. Akafurahi sana, akasema atawatangazia wote. Jumamosi ni siku ya wageni, wanakijiji wanakuja kuonyeshwa vitu vilivyopatikana. Nyamizi naye anakuja!

Lazima nipate mwiko kabla ya Jumamosi. Nikiukosa, nitakuwa mwongo mbele ya Madibira nzima.

Jumanne, 16 Julai

Mpango: mwiko wa Jailos upotee. Daktari atamwona mzembe, atatafuta mtu makini.

Asubuhi nikauchukua na kuuficha jikoni, nyuma ya masufuria. Nani atatafuta jikoni? Jailos alihangaika. Akainua maturubai, akafukua lundo la udongo, akamsingizia mbwa. Mimi nikamsaidia kutafuta kwa bidii kubwa. Nikampa hata pole.

Saa ya chai Atuganile, mpishi wetu kutoka Tukuyu, akaleta chapati. Nzuri kuliko siku zote, hakuna hata moja iliyochanika. Daktari akamsifu. Atuganile akasema ni kifaa kipya, anamshukuru aliyemwachia, maana kijiko chake kilivunjika. Akauinua juu. Mwiko! Unang'aa kwa mafuta.

Wote wakacheka isipokuwa Jailos. Akauliza ni nani aliyeingia jikoni asubuhi. Atuganile akasema hakumwona mtu, ila aliona makoti mawili yanatembea.

Adhabu: chekeche kutwa nzima. Vumbi puani. Jailos kila akipita ananiomba chapati.

Jumatano, 17 Julai

Mungu yupo! Jailos kafiwa na shangazi. (Nasikitika kwa shangazi.) Amekwenda msibani na mraba wake umebaki wazi.

Daktari akanitazama, akatazama wengine, akanitazama tena. Akanipa mwiko. Nikaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akasema yeye anakwenda mjini mara moja. Akaniagiza maneno haya haya, nayakumbuka vizuri: "Budeba, hapa mwiko kung'oa kitu. Umenielewa?" Nikamjibu nimeelewa. Mwiko, kung'oa kitu.

Nikang'oa.

Nani angelaumiwa kwa uvivu leo? Si mimi. Udongo wa Jailos ulikuwa na vitu kama mabomba ya udongo uliochomwa, vimejipachika chini, Jailos alikuwa anavizungukazunguka kwa wiki nzima na kuvipapasa kwa brashi. Mimi nilivitoa vyote kabla ya chai. Nikavifuta kwa koti. Nikavipanga kwenye nyasi, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Daktari aliporudi nikamkaribisha aone. Akasimama ukingoni mwa shimo. Akakaa chini. Daktari, na suruali yake safi, akakaa kwenye udongo.

Akasema, "Budeba, si nilisema mwiko?"

Nikamwambia ndiyo, Daktari, nimetumia mwiko peke yake, sepetu sikuigusa.

Akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha, akasema kosa ni lake. Akanieleza kwamba yeye alisema mwiko, yaani marufuku. Haramu. Kwa Kisukuma chetu tunasema muziro! Angesema muziro ningekaa mbali na shimo kabisa. Kwetu mwiko ni wa kusongea ugali.

Akaniuliza yale mabomba yalikuwa yamelala au yamesimama. Midomo yake ilielekea wapi. Sikukumbuka. Akanieleza kwamba ile ni mirija ya tanuri. Mtu alikaa pale akivukuta upepo kwa mivukuto ya ngozi, upepo unapita kwenye mrija mpaka kwenye moto. Ukiujua mrija umelalaje, unajua yule mtu alikaa upande gani, walikuwa wangapi, upepo wa kilima uliwapiga usoni au mgongoni. Mrija wenyewe nje ya mahali pake ni kipande cha udongo tu. Kazi yao nzima ni hiyo, kujua kitu kilikuwa wapi na kando yake kulikuwa na nini.

Nimemfikiria huyo mvukutaji. Kachoka, jasho, mbali na kwao pengine. Kakaa pale chini miaka yote hiyo akisubiri mtu aulize alikaa wapi. Nimekuja mimi, nimemfuta kwa koti.

Nimerudishwa kwenye ndoo.

Alhamisi, 18 Julai

Jailos amerudi, ameona shimo lake, ameweka mikono kichwani kana kwamba msiba umemfuata. Ameniita majina ya Kihehe. Sikuyaelewa, lakini nilikubaliana nayo.

Daktari ametangaza: Jumapili tunafunga hapa. Yeye anahamia kilima kingine Mbeya, atamchukua kibarua mmoja tu, mwenye mwiko. Jailos akakohoa kwa maringo. Kohoa tu!

Mchana Fred, dereva wa lori la mpunga, amepita na mzigo wangu kutoka kwa Nyamizi. Maziwa mgando, ndani ya chungu cha mama yake. Chungu hicho kilitoka nao Kwimba walipohamia Usangu na ng'ombe. Kina alama za kamba shingoni. Fred kakipakia vibaya, kimepata ufa mpaka chini, maziwa nusu yamenywewa na viroba vya mpunga. Imeniuma kweli. Nikanywa yaliyobaki nikiwa nimekishika kama mgonjwa.

Nikiwa nakunywa, wazo likaja.

Chungu kilishavunjika, sikukivunja mimi. Nilikimalizia tu. Wote walipokuwa wanakula, nikafukia vipande kwenye kona ya mraba ambao bado haujachimbwa, nikakanyaga, nikamwagia vumbi juu. Na kwa kuwa nimefundishwa kwamba mahali ndiyo kila kitu, nikavilaza vizuri, midomo yote imeelekea Madibira.

Nani aliyesema sijifunzi?

Ijumaa, 19 Julai

NIMEPATA MWIKO!

Asubuhi nilipita na ndoo, nikajikwaa pale kwenye kona, nikapiga yowe. Yowe zuri, hata mimi lilinishtua. Wote wakakimbia. Kigae kinachungulia! Safari hii sikugusa. Nikasimama nimenyoosha mikono kuzuia watu, nikatangaza kwamba ni marufuku kung'oa.

Daktari alipiga magoti. Akapiga picha, akapima kutoka kwenye kamba, akachora, akapangusa kwa brashi. Nikadhani atalia kwa furaha. Alichukua kigae kimoja, akakigeuza, akakisogeza karibu na pua. Akakaa nacho hapo kidogo. Akaniambia, "Ajabu sana, Budeba."

Nikamwambia hata mimi nimestaajabu.

Jailos alisema udongo wa pale umelegea. Wivu! Daktari akamnyamazisha. Halafu akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka kaburini: kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyekiona, kesho mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wageni na kueleza habari za chungu hiki. Akachomoa mwiko wake mwenyewe kwenye mkoba, akanikabidhi.

Jailos kabeba ndoo yangu. Nilimwita Kiroba. Hakuitika.

Jumamosi, 20 Julai

Kijiji kizima. Mchungaji, akina mama wa kwaya, mwenyekiti, watoto. Meza ndefu, juu yake mavi ya chuma, ile mirija (Daktari aliinyamazia, mwanamke mzuri yule), na katikati chungu changu, kimegundishwa na wanafunzi wa chuo waliokuja kumsaidia Daktari, kimekosa kipande kimoja tu cha mdomo.

Nyamizi akashuka kwenye lori la Fred akiwa amevaa kitenge cha sikukuu. Nilimwona akinitafuta upande wa jikoni na kutonipata huko. Nikainua mwiko. Uso wake! Kwa ajili ya uso ule ningechimba kilima chote kwa kucha.

Nikaanza. Nikawaambia ndugu wananchi, chungu hiki ni cha wafua chuma wa kale sana. Kimekaa ardhini kabla ya Mjerumani, kabla ya Mhehe, kabla ya mvua hizi tunazozijua. Nikasema hizi alama za shingoni zina siri ambayo hakuna mtu aliye hai anayeijua.

Nyamizi alikuwa amesogea mpaka mezani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemkuta mbuzi wake kwenye boma la jirani, "Baba Kulwa, si chungu cha mama hiki?"

Watu wote wakasogea mezani. Hata kwaya.

Nikamkonyeza. Akauliza jicho langu lina nini. Akawageukia watu, akawaeleza: kilitoka Kwimba, mama yake alikipiga alama kwa kamba ya mkonge, na juzi tu amekituma na maziwa kwa lori la Fred. Fred huko nyuma akathibitisha, akaapa ufa si yeye.

Jailos alianguka kwenye lundo la udongo na kubaki huko. Mchungaji alijificha nyuma ya kofia. Atuganile alikuwa akipiga meza kwa viganja. Nilitamani Daktari anifukie pale kwenye kona.

Daktari akaja karibu, akaninong'oneza kwamba alijua tangu jana. Kilinuka maziwa. Alitaka tu nieleze mwenyewe mbele ya watu kitu kilichotolewa mahali pake kinavyokuwa. Halafu akamketisha Nyamizi, akamwomba aeleze udongo ulichimbwa wapi, mama alikichoma vipi, kamba ilizungushwaje. Akaandika kila neno. Nyamizi akaeleza mpaka akafika kwa marehemu mama mwenyewe, hapo akapangusa macho. Watu wakaacha kucheka. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, ile isiyo na kelele.

Nikamwambia mke wangu ukweli. Kwamba sikuwa na mwiko. Akashangaa, akafungua furushi lake la kanga, akatoa zawadi aliyonibebea. Mwiko! Wa mti, wa kusongea ugali, mpya. Kwenye simu alielewa kwamba mimi ni mpishi. Madibira yote wanajua mimi ni mpishi. Wamefurahi, wamesema angalau sasa nitanenepa.

Jumapili, 21 Julai

Naandika nikiwa Mbeya! Barabarani pale Iyunga malori yametubana, tumefika tumejaa vumbi.

Ilikuwa hivi. Atuganile alishaaga, anakwenda Tukuyu kwenye harusi ya mdogo wake. Jana jioni Nyamizi aliuona mwiko wake haujatumika, akaingia jikoni, akasonga ugali. Daktari akala, akaongeza, akamwomba aje Mbeya awapikie. Nyamizi akasema, Kulwa na Doto wako salama kwa bibi yao mzaa baba, atakuja, lakini haendi popote bila Baba Kulwa. Daktari akafumba macho kidogo. Akakubali, kwa sharti kwamba mimi nishughulike na kuni na maji, na nisikanyage ndani ya kamba.

Jailos naye yuko hapa, na mwiko wake wa chuma. Njia nzima aliniita shemeji, ili apate ugali mwingi.

Nyamizi amenisamehe. Amesema chungu cha mama kilikuwa kimechoka kama mimi, na angalau chenyewe kitawekwa na Daktari kwenye maktaba ya vitu vya kale. Nimemwahidi kwamba nimejifunza. Nimemwahidi Daktari pia.

Kile kipande cha mdomo kilichokosekana hawakukipata. Wamechekecha udongo wote. Kimo mfukoni, koti la ndani.

Kilima cha hapa ni kizuri, udongo laini, kamba hazijafungwa bado. Safari hii nitakizika chini zaidi. Na nitakiosha kwanza, kisinuke maziwa.