Kamati ya Wimbo wa Kwenda Angani

Tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya Televisheni ya Taifa, hata ule wa msalani, ili asipatikane mtu wa kusema hakuliona. Lilieleza kwamba Serikali, baada ya tafakuri ya kina, imeona taifa haliwezi kuendelea kurushwa angani kimyakimya. Kwa hiyo, chombo cha angani katika tamthilia yoyote hakitaondoka ardhini mpaka Kamati Maalumu iamue kama kitaondoka kwa wimbo wenye maneno au kwa ala tupu.

Uenyekiti alipewa Kaimu Mkurugenzi wa Sauti. Watu walimwita Kaimu, basi, maana alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na mmoja. Mlangoni kwake cheo kilikuwa karatasi iliyoshikizwa kwa gundi. Vibao vya shaba ni vya waliothibitishwa. Hata mama mkwe wake alimwita "kaimu mkwe," na wala hakuwa akitania.

Siku hiyohiyo Waziri alimpigia simu mwenyewe.

"Kaimu, hili likienda vizuri, ile barua yako nitaisaini."

"Ipi, Mheshimiwa?"

"Kwani unangoja ngapi?"

Kaimu alisimama kuzungumza na simu, na akaendelea kusimama hata simu ilipokatika.

Tamthilia iliyosubiri uamuzi huo ilihusu watu mia mbili waliokimbia dunia iliyokauka, wakawa wanatangatanga kati ya nyota huku wakiwindwa na dude liitwalo Fyonza. Fyonza alikuwa mkubwa kama wilaya, tumbo tupu na mikono kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kumeza miji. Aliyeitunga ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia neno. Kamati ilimwita atoe maoni.

"Mimi ningeacha ala tupu," alisema Mwalimu. "Hawa watu wamepoteza dunia yao. Mtazamaji apewe nafasi ahisi. Ukimwimbia kwamba huzuni ni huzuni, umemwachia nini?"

"Na mwanzoni kabisa?" aliuliza mjumbe wa Mipango. "Kabla ya ala?"

"Kimya kidogo."

"Kimya kiko chini ya idara gani, mama?"

Wajumbe walitazamana. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba kimya hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiwezi kurushwa hewani.

"Halafu ala tupu ni hatari," aliongeza mjumbe wa Usalama. "Kila mtu anazisikiliza akafikiri anavyotaka. Maneno yanamsaidia kujua afikiri nini."

Kaimu aligonga meza. Maneno yakapita kwa kauli moja, isipokuwa ya Mwalimu, ambayo haikuhesabiwa kwa kuwa alikuja kama mwalikwa.

Basi kila idara ikaleta ubeti wake. Idara ya Maji iliwakumbusha wanaanga kufunga bomba. Idara ya Barabara ilikiri kwamba angani hakuna barabara, ikaomba ubeti kuhusu barabara tarajiwa. Wimbo uliopangiwa dakika moja ukafika dakika tisa. Ubeti wa mwisho, kwa heshima, ukawa wa Waziri, na huo Kaimu hakumwachia mtu. Aliutunga mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole chini ya meza, nane kwa nane:

*Ewe mlezi wa wote, mwenye mikono mipana,*
*Ulipopita popote, tumebaki tukinona,*
*Utuongoze kwa yote, usiku hata mchana,*
*Ukituacha hakuna, wa kuijaza nafasi.*

Aliusoma, akafuta machozi, kisha akaugonga muhuri.

Ukaguzi ulifuata kanuni. Idara ya Picha ilitazama tamthilia sauti ikiwa imezimwa, ili masikio yasiyapotoshe macho. Idara ya Sauti ilisikiliza skrini ikiwa imefunikwa kitambaa, ili macho yasiyapotoshe masikio. Kila upande uliridhika, ukasaini, na kilichosainiwa hakiguswi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, mchanganya sauti aligonga mlango wa Kaimu. Walimwita Dada Waya, kwa sababu shingoni hakukosa waya wa kitu fulani.

"Shikamoo, Kaimu."

"Marahaba. Wewe ni mjumbe?"

"Hapana. Lakini wimbo umezivuka picha za mwanzo, umeingia mpaka ndani ya tamthilia. Ubeti wa Mheshimiwa unamwangukia Fyonza."

"Unamwangukia vipi?"

"Njoo uone."

"Kuona ni kazi ya Idara ya Picha."

"Basi njoo usikie!"

"Nimeshasikia mara kumi na nne."

"Ndiyo hivyo, kaka yangu. Ninyi mmesikia hamkuona, wao wameona hawakusikia. Mwenye yote mawili ni mimi, na mimi sina muhuri."

"Andika dokezo," Kaimu alisema kwa upole.

Dada Waya aliandika. Dokezo likazunguka ofisi zote, likarudi kwake lina maneno mawili: "Limeonekana," ya Idara ya Picha, na "Limesikika," ya Idara ya Sauti.

Saa moja jioni, siku ya uzinduzi, ukumbi ulifurika. Waziri alikaa mbele na mama yake mzazi. Kaimu nyuma yao, karibu vya kutosha kuiona ile barua ndani ya bahasha magotini pa Mheshimiwa. Chombo kikaondoka ardhini. Bomba zikafungwa. Barabara tarajiwa ikaimbwa. Kisha kwaya ikapaza, *Ewe mlezi wa wote*, na hapohapo Fyonza akajaa kwenye skrini. Kwenye *mikono mipana* aliinyoosha yote kumi na miwili. Kwenye *tukinona* alikuwa na soko zima mdomoni.

Ukumbi ulishika pumzi. Mama yake Waziri ndiye aliyeiachia.

"Jamani, wamempatia!" alisema, huku akipiga makofi. "Hata kutafuna anatafuna hivyohivyo!"

Kufika asubuhi, Waziri hakuwa na jina jingine mjini ila Fyonza. Gari lake likisimama kwenye taa, wauza vocha waliuimba ubeti mpaka taa ibadilike. Aliagiza jalada, amjue mhalifu. Lilikuwa na saini thelathini na moja, na ya juu kabisa, yenye mkia mrefu, ilikuwa yake.

"Maneno yatolewe," alimwambia Kaimu. "Zibaki ala tupu. Ni wazo langu."

"Wazo zuri sana, Mheshimiwa. Yule Mwalimu naye..."

"Nimesema la nani?"

"Lako, Mheshimiwa."

Ili mtu yeyote asidiriki kuchezea ala hizo, Waziri alizitia kwenye kanuni: zikipigwa, kila mtu asimame wima, mikono ubavuni, na mpigaji haruhusiwi kukatiza kabla ya dakika ya tisa. Akasaini. Kisha akaandaa uzinduzi wa pili, kwa bendi ya tarumbeta ya zimamoto, na safari hii bahasha iliwekwa mezani na kalamu juu yake.

"Zikiisha salama, nasaini mbele ya watu," alinong'ona. Kaimu akaijaribu kalamu kiganjani, kama ina wino.

Tarumbeta zikalia. Watu wote wakasimama. Hazikupita pumzi mbili, mtu mmoja nyuma akaanza kuimba mdomo umefumbwa, wa pili akatia neno, na mara ukumbi mzima ukawa unaimba ubeti mmoja tu, ule ule, kila tuni ikizunguka.

"Wanyamazishe!" Waziri alisema bila kufungua meno.

Kaimu alikimbilia kipaza sauti. "Ndugu wananchi, wimbo huu hauna maneno! Narudia, hauna..."

Wakati huohuo safu za nyuma zilikuwa zimefika mstari wa tatu, nazo zikaimba "usiku na mchana."

Kaimu alitega sikio. Uso ulimkunjamana kama aliyeuma kokoto kwenye wali. Aliitazama bahasha. Aliwatazama watu. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemeza kila kitu, lakini hiki kilikataa kushuka.

"Si hivyo!" alifoka. "Nani kawafundisha? Ni 'usiku *hata* mchana'! Mnapunguza mizani! Sikilizeni!"

Akafumba macho, akaimba mwenyewe, kwa sauti ambayo mama mkwe wake hakuwahi kujua anayo. Alipoyafumbua, Waziri alikuwa akiirudisha bahasha mfukoni. Kaimu aliiona ikizama yote, akainua mikono, akawaongoza watu kuanza upya, na safari hii hakuna aliyepunguza hata silabi.

Waziri akamgeukia mkuu wa bendi, akampungia mikono aache. Mzee wa zimamoto, mashavu yamejaa upepo, alimwonyesha kwa kidole ile kanuni iliyobandikwa ukutani, kisha saa, halafu kwa adabu nyingi akamwashiria Mheshimiwa ashushe mikono ubavuni.

Waziri akaishusha. Ilikuwa ndiyo kwanza dakika ya tatu.